Mistari Saba Katika Shamba la Jirani

Mama mkwe wangu tulimzika mwaka huu, mvua zilipokwisha. Watu walikuja wengi. Walinishika mkono, wakala makande kutoka kwenye sufuria zetu, na jioni ile ile ng'ombe wetu walirudi kutoka malishoni wakiwa wamechanganyika na wa jirani. Hakuna aliyesimama mbali. Nilikaa kwenye mkeka nikiwapokea, na kila mkono nilioushika ulinirudisha kwenye msimu mmoja ambao hakuna mkono ulionigusa.

Nataka kuuandika msimu huo kama ulivyokuwa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo sitapamba. Na kwa kuwa mmoja wa wahusika hawezi tena kunisahihisha, nitajitahidi nisimwonee.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa ndoa, hapa Tlawi. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini Hanang, upande wa Basotu. Siku hizo kijana aliyepata kazi kule alihesabiwa kuwa ameshapata maisha. Alivaa buti, alilala kambini kwenye nyumba ya bati, na nyumbani alikuja akipata lifti ya lori. Msimu wa kulima hakuja kabisa, kwa sababu matrekta yalikuwa hayapumziki. Alilima mashamba ambayo ukisimama huoni mwisho wake, na kwao kulikuwa na ekari mbili zilizoinama kama paa la nyumba, zikilimwa kwa jembe la mkono na mama yake na mke wake. Majirani walitutania kwa hilo. Mimi waliniita mke wa trekta.

Ekari mbili si nyingi, lakini wanawake wawili hawawezi kuzimaliza kabla mvua ya kupandia haijawapita. Ndiyo maana tulikuwa kwenye zamu. Tulikuwa kaya tisa. Kila kaya ilitoa mtu mmoja, na siku ya zamu wote waliingia kwenye shamba la mwenzao mmoja wakalimaliza kwa siku hiyo. Mwenye shamba alipika makande na kutengeneza togwa. Usipokwenda kwa wenzako, wenzako hawaji kwako. Haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilieleze, maana vijana wa sasa wengi hawalijui. Kwa lugha yetu huitwa metimani. Nyumba iliyofiwa na mtoto, hata mtoto ambaye hajafikisha siku zake za kuzaliwa, ilikaa peke yake. Wenyewe hawaendi kwa watu na watu hawaji kwao. Maji wanachota chini ya pale wanapochota wengine. Ng'ombe wao wanachungwa peke yao. Hawapeani mikono na mtu, hawakai karibu na mwanamke mjamzito, na mbegu ya mtu mwingine hawaigusi, kwa sababu kifo kilichoingia kwao kinahesabiwa kuwa bado kiko mikononi. Hukaa hivyo kwa miezi, mpaka wazee waseme imetosha. Tulikuwa Wakristo. Kanisani tuliambiwa tuache mambo hayo, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakaendelea kukaa mbali na nyumba zilizofiwa. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliamini, na sijui kama nimeacha.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Ilikuwa ya kwanza na hatukuwa tumemwambia mtu. Kwa baridi ya huku kwetu mwanamke anajifunga shuka tangu asubuhi, hakuna anayeona kitu kama mwenyewe hataki kionekane. Walijua wawili tu, mume wangu na mama yake.

Jumatatu moja asubuhi, kabla hatujakamua, ilitoka. Mama mkwe alinishika mabega mpaka ikaisha. Alikuwa wa kiume. Mama mkwe alimfunga kwenye kitenge changu cha harusi. Sikumwambia achukue kile, wala sikumkataza. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya zizi peke yake. Nilisikia jembe likigonga mawe. Aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu, akanipikia uji, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Ndipo akasema.

"Mwanangu, Alhamisi ni zamu ya jirani."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumatano ya wiki ijayo ni ya kwetu."

Nilidhani ananiandaa kwa habari kwamba mwaka huo hatutapanda.

"Hatutasema," akasema. "Tutasema tukishapanda."

Nilimwangalia usoni. Huyu alikuwa mwanamke ambaye hakuruka mfereji bila kujua nani alichota mbele yake.

"Mama, watu si watadhurika?"

"Mimi nimekaa metimani mara mbili, wewe hujafika hapa. Ya pili ilikuwa wakati wa kupanda, kama sasa. Baba yake mume wako alikuwa hai lakini kifua kilikuwa kimemlaza. Tulipanda mvua imekwenda, tukavuna mabua. Mwaka ule mumeo nilimlisha majani mpaka tumbo likamvimba, na watu waliniona kwa mbali wakanihurumia kwa mbali. Sirudii."

"Na mkamwana wa jirani? Ana mimba kubwa."

"Utakaa mbali naye. Mbegu usishike. Utachimba mashimo, wengine watatia mbegu."

"Wakinipa?"

"Waambie mgongo unauma, huwezi kuinama."

"Na hayo mashimo nitayachimba nimesimama?"

Alinitazama. Namwambia msomaji ukweli: nusura tucheke, wote wawili, asubuhi ile ile. Kisha akasukuma bakuli kwangu. "Kunywa uji," akasema.

Nilikubali. Sitaki kuandika kwamba nililazimishwa. Ningeweza kukataa kwenda, asingenibeba. Lakini nilikuwa nimeziona zile ekari mbili zikiwa tupu, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ilikuwa rahisi kwangu kutii kuliko kufikiri.

Alhamisi nikaenda. Jirani yetu alikuwa mjane, mtu mzima wa makamo ya mama mkwe, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, na alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Nilipofika nikaona jambo ambalo hatukulitegemea. Mwaka ule alikuwa ameazima plau na jozi mbili za ng'ombe. Hakukuwa na mashimo ya kuchimba. Wanaume walitangulia na ng'ombe, wanawake wote nyuma yao, kila mmoja na bakuli la mbegu.

"Mke wa trekta, shika," jirani akanipa bakuli.

"Mama, mgongo wangu leo—"

"Mgongo umeumizwa na nani? Mwenye kuumiza migongo yuko Basotu!"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Labda trekta lilipita Jumapili tukiwa kanisani." Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, nikapokea bakuli.

Nilipanda mistari saba. Niliihesabu kwa sababu sikuweza kuacha kuihesabu. Ilikuwa ya juu kabisa, kuanzia kwenye katani za mpakani kuteremka. Kila nilipodondosha punje mbili na kuzifukia kwa mguu, nilijua ninachokifanya. Damu ilikuwa bado haijakatika. Nilikuwa nimejifunga matambara mengi na nilitembea kama bata, wakanitania kwa hilo pia.

Mchana mkamwana wa jirani alileta togwa. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, bado mwezi mmoja tu. Alipoinama kunipa kibuyu alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake, na wakati ule ule maziwa yakanitoka. Sikujua kwamba yanaweza kuja hata kama hakuna wa kuyanyonya. Gauni lililowa mbele, sehemu mbili. Nilivuta shuka haraka. Nilipoinua macho, jirani alikuwa ananitazama. Alitazama kidogo tu, kisha akageuka akatazama mawingu.

"Haya, tumalize," akasema. "Mvua haitusubiri."

Kibuyu nilikigusisha midomoni nimeifunga, nikampa wa pembeni.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza neno moja. "Uligusa?"

"Mistari saba."

Alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini.

Ijumaa tulisikia kwamba mkamwana wa jirani ameamka miguu imevimba na kichwa kinamuuma hata mwanga hautaki. Jumamosi alfajiri mume wake alimpakia kwenye basi kwenda hospitali, Haydom. Kutoka mlangoni kwetu nilimwona akishikwa mkono kupanda kilima kuelekea barabarani. Alikuwa anatembea taratibu na kila baada ya hatua chache anasimama.

Miaka ya baadaye nilielezwa na muuguzi kwamba ugonjwa ule huja wenyewe, hauletwi na mkono wa mtu. Wakati ule hakuna aliyenieleza. Nilijua mambo mawili tu: Alhamisi nilikaa karibu naye, Ijumaa akaugua. Na jambo la tatu, ambalo ndilo lililonila zaidi: kwao hawakujua wanapigana na nini. Kama nilikuwa nimewapelekea kitu, wao ndio waliokuwa na haki ya kukijua, wafanye yale yanayofanywa. Ukimya wangu ulikuwa unawafunga mikono.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni, mume wangu akatokea bila taarifa. Trekta lake lilikuwa limeharibika na kifaa kilisubiriwa kutoka Arusha, akapata lori. Alikuja na mkate na unga wa ngano kwenye mfuko wa khaki, anacheka tangu mlangoni. Mama yake alimwacha anawe mikono na akae. Kisha akamwambia.

Alikula. Halafu akaniuliza, "Alikuwa nani?"

"Wa kiume."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Nikamwambia na mengine: mistari saba, mkamwana, basi la Haydom. Nikasema, "Nataka kwenda kumwambia jirani."

"Hapana," akasema mama mkwe.

"Hapana," akasema na mume wangu. "Wewe unataka tuonekane wachawi? Umepanda shamba la mtu ukijua. Ungesema Jumatatu ilikuwa huruma. Ukisema leo ni kesi."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yuko kwa madaktari. Watampima damu, watampa dawa. Unafikiri watauliza mbegu ilishikwa na nani? Kule kambini tuko watu wa kila kabila. Mtu akifiwa anapewa siku tatu, ya nne yuko juu ya trekta, na ngano inaota."

"Hapa si kambini," nikasema.

"Ndiyo maana hapa hapaendi mbele."

Mama mkwe akamwambia, "Punguza sauti, ng'ambo wanasikia." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote juu ya mtoto. Sikumbuki mtu aliyelia. Nakumbuka mkate ulibaki mezani haujakatwa.

Asubuhi ya Jumapili hatukwenda kanisani. Mume wangu alikaa nje kutia mpini kwenye jembe, mama yake anachambua maharage ya mbegu, mimi nimeegemea ukuta kwenye jua. Alianza kusema bila kututazama.

"Kuna siku mwezi uliopita nilikuwa nafungua shamba jipya. Mbele nikaona kichuguu cha udongo, kirefu hivi, kina majani. Nikasema nitapita juu, kitasambaa. Nilipokaribia nikaona mama mmoja wa wale wafugaji, amevaa ngozi, mzee. Amesimama mbele yake. Hana fimbo, hasemi kitu. Kumbe ni kaburi la wakubwa wao. Wao huwazika hivyo, wanainua udongo."

"Ukafanyaje?" mama yake akauliza.

"Nikainua plau nikapita pembeni. Nikarudi, nikapita upande wa pili. Hakuna aliyeniuliza. Kikabaki katikati ya ngano." Akagonga mpini chini. "Yule mama hakuniambia asante. Aliondoka tu."

Nilimwuliza, "Asingesimama pale, ungepita juu?"

"Ningejuaje? Ningepita."

"Basi," nikasema.

Alisimamisha mikono. Nadhani alielewa wakati ule kwa nini yeye mwenyewe alikuwa ameisimulia habari hiyo. Aliyejibu ni mama mkwe. Aliendelea kuchambua maharage, anatupa mabovu upande mmoja, mazuri upande mwingine, na akasema bila kuinua kichwa:

"Usivuke mfereji. Simama upande huu, chini ya anapochota. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, ngoja ugeuke. Usimshike mkono hata akikupa."

Nikajua amenipa ruhusa. Alinivua shuka niliyovaa siku ya zamu na kunifunga ya kwake.

Jirani alikuwa mfereji wa juu, anajaza ndoo. Kijana wake alikuwa Haydom na mke wake, nyumbani alibaki peke yake na ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama huko kama mdai? Vuka."

"Sivuki, mama."

Aliacha ndoo ijae mpaka maji yakamwagika. Alinitazama miguuni, nilipokuwa nimesimama, akatazama na upande wa maji yanakokwenda. Alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ya kesho haijafika."

"Iliyopita, mama. Kabla ya zamu yako."

Alirudi nyuma hatua tatu. Sikuchukia. Ningekuwa mimi ningerudi kumi.

"Mistari mingapi?"

"Saba. Kuanzia kwenye katani—"

"Najua inapoanzia. Nilikuwa nyuma yako." Sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa imepotea kabisa. "Na togwa?"

"Sikunywa. Nilifunga midomo. Lakini nilikishika kibuyu. Na yeye alikuwa karibu."

Alikaa kwenye jiwe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilikuona umelowa."

Nilivuta shuka kifuani.

"Nimezaa saba, nimezika watatu. Ninajua lile doa. Nikajiambia, labda ni jasho. Plau ya watu, ng'ombe wa watu, siku ni moja, na wanawake wenye mbegu walikuwa wachache. Nilihitaji mikono yako. Nikasema ni jasho."

"Mama, mimi ndiye—"

"Nyamaza. Wewe ulinidanganya mimi, mimi nikajidanganya mwenyewe. Sijui ipi ni mbaya zaidi." Akasimama, akachukua ndoo. "Nina hasira. Nisikwambie uongo, nina hasira na wewe na yule mama mzee wa kwenu, maana hili ni la kwake, wewe huna akili ya kulipanga. Anajua umekuja?"

"Ndiye aliyeniambia nisimame wapi."

Alitoa pumzi kwa pua. Sijui kama ilikuwa kicheko. "Nenda nyumbani," akasema. "Msitoke. Mimi nina watu wa kuwaita."

Waliitana jioni ile. Walifanya yao, ambayo mimi sikuyaona na sitayasimulia. Mume wangu aliondoka Jumatatu, alitembea mwenyewe mpaka njia panda bila kupita kwa mtu. Baadaye sana aliniambia kwamba kule kambini alimweleza mwenzake wa kitanda cha pili, mtu wa Tabora, kuwa mtoto wake amekufa. Yule mtu akammiminia nusu ya chai yake. Mume wangu alisema aliilia ile chai.

Jumatano ilifika, siku ya zamu yetu. Mama mkwe alikuwa ameamka mapema, amekaa kitandani, mikono mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa tayari. Hatukutegemea mtu. Tulikuwa tumepanga tuanze wenyewe, sehemu ya karibu na nyumba, tufike tutakapofika.

Saa mbili tukasikia ng'ombe. Hawakuja kwa njia ya nyumbani. Walikuja kwa chini, kwenye mpaka wa bondeni, jozi mbili na plau, na watu wanane. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Jirani alikuwa mbele, na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Ninyi humo ndani! Mbaki humo humo!"

Mama mkwe akasogea mlangoni, akaita, "Mbegu! Mbegu ziko huku!"

"Kaa na mbegu zako! Tumekuja na zetu!"

Mwanamke mwingine, yule wa utani wa Jumapili, akaita, "Mke wa trekta! Leo pumzisha mgongo!"

Walilima kutoka bondeni kupanda juu. Kwa kawaida watu wa zamu huimba, siku ile hawakuimba. Mchana waliteremka kwenye kivuli cha mkuyu kule chini, wakafungua sufuria waliyokuja nayo. Ndipo mama mkwe akalia. Nilikuwa sijamwona akilia, hata aliporudi kutoka nyuma ya zizi na jembe. Alilia kwa sababu kulikuwa na watu wanane shambani kwake na hakuna hata mmoja anayekula chakula chake. "Wanakula cha kwao," alikuwa anarudia. "Kwenye shamba langu, wanakula cha kwao." Nilikaa karibu naye. Nadhani alikuwa anamlilia na mtoto, lakini sikumwuliza, na sasa siwezi.

Walipanda mpaka zikabaki kama hatua ishirini kufika nyumbani. Hapo wakageuza ng'ombe. Sehemu ile tuliipanda sisi wawili kwa mkono kesho yake. Mwaka mzima mpaka ulionekana. Chini mistari imenyooka kama kamba, juu ya kwetu imepinda.

Mkamwana alijifungua Haydom, siku chache baadaye, mtoto wa kike, mdogo lakini hai. Tuliambiwa kwa kupigiwa kelele kutoka ng'ambo ya mfereji. Ningependa kuandika kwamba moyo ulifurahi tu. Ulifurahi, na pia niliingia ndani nikajifunika shuka.

Miezi ile ilikwenda. Nilichota maji chini ya wengine, nilichunga ng'ombe wetu wanne upande wa mawe. Watu waliniamkia kwa mbali, nami niliwaamkia kwa mbali. Ile mistari saba niliiona kila siku nikiwa na ng'ombe. Iliota. Niliogopa isiote, ikaota, nikaogopa kwamba imeota. Jirani hakuing'oa. Aliipalilia kama mingine. Nilisubiri aseme ataifanyaje, hakusema.

Wazee walisema imetosha karibu na mavuno. Yalifanyika yanayofanyika, tukanyoa, tukafua kila kitu. Lakini kuambiwa imetosha na mtu kuingia nyumbani kwako ni mambo mawili. Wiki ilipita. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mama mkwe alifagia kila asubuhi na kuweka kigoda cha wageni karibu na mlango, jioni akakirudisha.

Siku moja mchana tukasikia punda. Jirani alikuwa anaswaga punda mwenye magunia mawili. Hakuita kwa mbali. Alimleta mpaka uwanjani, akashusha gunia la kwanza mwenyewe, mimi nikashika la pili. Tulilishika pamoja.

"Ya mistari saba," akasema. "Kwetu hatuwezi kuyala, mnajua. Ni ya kwenu."

Mama mkwe alisimama mlangoni. Hakujua kama anatukanwa au anapewa. Mimi pia sikujua. Nilifungua kamba ya gunia nikaingiza mkono. Nilitegemea mahindi bado kwenye magunzi, yaliyokatwa haraka na kutupwa guniani na mtu asiyetaka kuyagusa. Nilishika punje. Yalikuwa yamepukuchuliwa yote, yamepepetwa, hayana hata kapi. Magunia mawili ni siku nyingi za vidole. Vidole gumba vyake vilikuwa na malengelenge, niliviona alipofungua kamba ya punda.

Nilimtazama mama mkwe, naye alikuwa ameviona.

Jirani akapita katikati yetu, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda cha wageni.

"Jua ni kali," akasema. "Maji mnayo, au nirudi kwangu na kiu?"

Mama mkwe alikwenda mwenyewe kwenye mtungi. Alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Jirani akanywa, akamrudishia mama mkwe, naye akanywa, kisha wakanipa mimi.